Chini ya Mkunjo

Kila mhusika aliyetungwa na André alikuwa akimtafuta mwanamke. Wa kwanza alikuwa mwindaji aliyepotelewa na mke msituni. Wa pili alikuwa mfalme asiye na taji aliyepotelewa na malkia. Wa tatu alikuwa jitu la mawe ambalo, kwa kadiri wenzake walivyoelewa, halikuwa hata na jinsia, lakini nalo lilikuwa na bibi yake mahali fulani. Kufikia safari ya saba Misozi alimwambia, kabla hajafungua kalamu, kwamba aandike tu "kama kawaida" asimalize wino.

Walikuwa wanne, na walikutana kila Jumamosi saa nane mchana katika chumba cha nyuma cha duka la nyavu la Matildah, mjini Kashikishi ufukoni mwa ziwa, kati ya marobota ya nyuzi za kijani na maboya. Dirisha lilitazama mchanga ambako chisense, dagaa wa ziwa lile, walianikwa, kwa hiyo harufu ilikuwa mchezaji wa tano. Mchezo aliuleta Obvious, mwalimu wa hisabati wa sekondari moja ya Nchelenge, ambaye alikuwa ameujifunza chuoni Kitwe. Mmoja anakuwa mwendeshaji wa nchi ya kubuni yenye wachawi na mazimwi, wengine kila mmoja anajitungia mtu wa kwenda kuishi humo, na dadu huamua nani anavuka shimo na nani anatumbukia. Misozi, muuguzi aliyehamishiwa ziwani kutoka mashariki ya nchi, aliingia kwa sababu ya upweke na akabaki kwa sababu ya ubishi. André alikuwa fundi wa boti. Fidélie alikuwa mkalimani. Walicheza kwa Kiswahili cha sokoni kilichotiwa Kibemba, kwa kuwa ndiyo lugha pekee ambayo Obvious na Misozi hawakuona haya kuikosea.

Karatasi ya mhusika aliichora Obvious kwa rula. Ilikuwa na maswali matano: unaitwa nani, umetoka wapi, unaogopa nini, unatafuta nini, na ni jambo gani ulilofanya usilotaka lijulikane. Chini ya hayo ulipita mstari wa nukta, na chini ya nukta kulikuwa na nafasi ya vidole vitatu. Hiyo ilikuwa ya mwendeshaji. Aliandika hapo jambo moja la kweli ambalo mhusika mwenyewe halijui, akaikunja karatasi kwenye nukta, akaibana kwa pini. Mkunjo haukufunguliwa mpaka mhusika afe. Mwaka uliotangulia jambazi wa Misozi, mwanamke mrefu kama nyumba na mwoga wa kuku, alitumbukia kisimani akafa, na mkunjo ulipofunguliwa ikaonekana kwamba kuku aliyekuwa akimkimbia tangu mwanzo alikuwa shangazi yake aliyelogwa, anayejaribu kumkabidhi urithi. Misozi hakuzungumza na Obvious kwa wiki mbili.

Safari hii mwendeshaji alikuwa Fidélie, kwa mara ya kwanza, na alijiandaa kama anavyojiandaa kwa kila kitu. Aliwatunga watu kumi na wanne wa nchi ile, kila mmoja na ukurasa wake. Obvious alipomsifu kwamba watu wake wana uhai, alimweleza njia yake bila majivuno. Mtu wa kubuni, alisema, hujulikana kwa kuwa kila kitu chake kinaeleweka. Mtu wa kweli huwa na jambo moja ambalo hakuna aliyeketi mezani angeweza kulibuni. Kwa hiyo kila mmoja wa watu wake alipewa jambo moja la namna hiyo.

Hakumweleza alikoyapata. Mwaka 2017 yeye mwenyewe alishuka kwenye boti kutoka Pweto, ng'ambo ya mpaka, akiwa na shahada yake ya ualimu ndani ya mfuko wa plastiki, akapelekwa kambi ya wakimbizi ya Kenani pamoja na maelfu ya wengine, na siku ya tatu ikagundulika kwamba anajua lugha nne. Tangu hapo alikaa katika vyumba vya mahojiano, kati ya afisa na mkimbizi. Kanuni ya kwanza ya kazi ile ni kwamba mkalimani husema "mimi". Mwanamke akisema "nilijificha", mkalimani hasemi "anasema alijificha". Anasema "nilijificha", kwa sauti ile ile ya kawaida, na afisa anaandika. Kwa hesabu hiyo Fidélie alikuwa amezaliwa katika vijiji mia na kitu, alikuwa amezika wazazi wengi kuliko anavyoweza kukumbuka, na kila jioni alipanda pikipiki akarudi nyumbani kupika.

Alikuwa amekula kiapo cha siri na alikiheshimu. Kwa ajili ya mchezo hakuchukua jina la mtu wala la kijiji. Alichukua kipande kidogo tu, na hata hicho alikibadilisha. Aliona hiyo inatosha, kama daktari anayefundisha ugonjwa bila kumtaja mgonjwa.

Habari za André alizijua kama kila mtu Kashikishi alivyozijua. Alitoka kijiji kimoja juu ya Pweto. Siku vita vilipofika walikimbia wote, yeye, mke wake Angèle na watoto wawili, na kwenye kuvuka mto watu walikuwa wengi wakasukumana, akajikuta ng'ambo peke yake. Picha hakuwa nayo. Alikuwa na maelezo kwenye karatasi ya daftari: mrefu, ana pengo la meno ya mbele, hucheka kabla hajamaliza kusema. Kila kiangazi alipeleka maelezo hayo kutoka Puta hadi Kashikishi, boti kwa boti, ingawa yalifaa nusu ya wanawake wa ufuko wote.

Mwaka wa kwanza wa urafiki wao Fidélie alikuwa amepekua kumbukumbu zake. Aliwahi kuwa mdomo wa kina Angèle kumi na mmoja. Mmoja alikuwa na watoto wawili na mume fundi wa mbao, lakini mume huyo aliitwa Kalumba, alikuwa amekufa, na katika kauli yake yote hapakuwa na mto. Akamfuta. Kauli mbili zisizokutana ni za watu wawili; hivyo ndivyo alivyofundishwa kazini, na hivyo ndivyo alivyoamini hata nje ya kazi. Hakujua kwamba fundi André alikuwa na jina la baba ambalo hapa ziwani hakuna aliyelihitaji.

Jumamosi ya pili ya safari ile wasafiri watatu walifika kwenye soko la chumvi. Mhusika wa André aliitwa Ndulu, na Ndulu alikuwa akimtafuta mwanamke. Misozi aliomba soko lipitwe haraka, maana walijua wote kwamba Ndulu atamhoji kila muuzaji hadi kiza kiingie. Ndulu akaanza kuhoji. Alimfikia muuza chumvi aliyeitwa Lweshi, mmoja wa wale kumi na wanne, akamuuliza ametoka wapi na alikuja na nini.

Fidélie aliutazama ukurasa wa Lweshi, kisha akajibu bila kuutazama, kama alivyozoea.

"Nimetoka juu, kule vita ilifika asubuhi. Sikuja na kitu. Nilikuwa na kengele ya mama yangu, ya chuma. Niliizika ndani ya pipa ya mafuta ya mawese, isikamate kutu, na juu yake nikapanda mchaichai. Hakuna mutu anachimba mchaichai."

Katika kauli ya asili hakikuwa kengele. Kilikuwa kichwa cha cherehani.

André alikuwa ameshika kalamu. Aliilaza juu ya meza, sambamba na ukingo wa karatasi.

"Nani alichimba shimo?" aliuliza.

"Bwana yangu."

"Iko wapi, huyo bwana?"

"Alikufa."

"Ulimuona amekufa?"

Lilikuwa swali lile lile. Afisa alikuwa ameliuliza miaka sita iliyopita, kwa maneno hayo hayo, na ulimi wa Fidélie ulikwisha kulijibu mara moja kwa niaba ya mwenye jibu. Ulilijibu tena.

"Hapana. Alisema anaenda kuangalia njia. Mutu mwenye anaenda kuangalia njia habebe godoro ku kinga. Nilibakia pa mulango na batoto babili, nikamwangalia mpaka kwenye kona, na godoro. Kwangu alikufa pale kwenye kona."

Godoro na kinga, yaani baiskeli, havikuwa kwenye ukurasa wa Lweshi. Fidélie alitambua hilo wakati sentensi imekwisha.

Misozi alicheka mpaka akashika boya ili asianguke. Alitaka kujua lilikuwa godoro la inchi ngapi. Obvious, kwa sauti yake ya darasani, akasema kwamba kihesabu mtu yule hakuwa anaangalia njia, alikuwa anahama, na kwamba katika tathmini ya hatari godoro ni kitu cha mwisho kubebwa isipokuwa na mtu anayejua kabisa atalala wapi. Wakaendelea hivyo kwa muda, wakimpima mume wa Lweshi: kama alifunga kwa kamba au mpira, kama alipiga kengele kwenye kona.

André naye alitabasamu. Akasema ni zamu yake, akarusha dadu, na hakutazama zilivyolala. Baadaye kidogo alisema ameacha lami jikoni na itaungua, akachukua kofia yake, akatoka.

Fidélie alikusanya karatasi. Kisha akazipanga kauli mbili kichwani upande kwa upande, kama alivyopaswa kufanya miaka mitano iliyopita, na akaona kosa lilikuwa wapi. Alikuwa ametafuta mto. Hakuwahi kufikiri kwamba mto ndicho kitu kilichobuniwa.

Wiki ile Fidélie hakwenda kwa André. Siku ya Jumanne alipita njia ya ufukoni kuelekea sokoni na akamwona kwa mbali akiziba nyufa za boti kwa pamba na lami, akigonga kwa kipimo kile kile cha siku zote. Hakusimama. Alikuwa na mambo matatu ya kweli aliyoyajua. Watoto walikuwa hai, wote wawili. Mama yao alikuwa ameolewa na mtu mwingine, na mwaka 2021, baada ya Fidélie mwenyewe kuwatafsiria karatasi za kuondoka, familia nzima ilipelekwa kuishi nchi ya mbali, ya baridi. Na mwisho wa mahojiano, afisa alipouliza kama kuna jambo la kuongeza, mama yule alikuwa amesema neno moja la ziada, nalo Fidélie alilisema kwa "mimi" kama mengine: kwamba kama siku moja mtu atakuja kumuuliza, asiambiwe.

Siku ya Ijumaa aliandika barua ya mistari miwili kuacha kazi ya ukalimani. Hakutoa sababu. Sababu ilikuwa wazi kwake: mdomo uliovuja mara moja hauna haki ya kukaa tena katika chumba kile. Alijua pia kwamba kuacha kazi hakumwondolei kiapo, wala hakujidanganya kwamba kunamwondolea.

Jumamosi André alifika wa kwanza. Alikuwa ameoga na amevaa shati la kanisani. Misozi na Obvious walipoingia aliwaambia kwamba Ndulu amechoka na safari, ameamua kubaki soko la chumvi, na kwamba yeye ametunga mtu mwingine. Akamkabidhi Fidélie karatasi. Hii ilikuwa kanuni: mwendeshaji husoma kwanza, peke yake, ili aandike sehemu yake.

Mwandiko ulikuwa wa fundi, herufi kubwa zilizokaa mbali mbali. Jina, aliandika, halina faida. Umetoka wapi: juu. Unaogopa nini: niliogopa siku moja tu, lakini ilikuwa ndiyo siku yenyewe. Katika swali la tano, lile la jambo usilotaka lijulikane, alikuwa amejaza nafasi yote na kupanda pembeni. *Niliwaacha. Sikwenda kuangalia njia. Nilirudi siku ya tatu, nyumba ilikuwa wazi, mchaichai ulikuwa umepandwa. Mto nilisema mimi, haukuwako. Wataniuliza kwa nini godoro. Lilikuwa jipya.*

Unatafuta nini: *Kujua kama wako hai. Bibi sitafuti tena. Hiyo moja tu.*

Fidélie aliisoma mara mbili. Obvious alikuwa akimweleza Misozi kwa nini mtu hawezi kubeba upanga wa pili bila kupunguza mwendo, na Misozi alikuwa akimwambia kwamba yeye Obvious hawezi kubeba hata mfuko wa unga. André alikaa mikono juu ya magoti, akitazama maboya.

Kisha akaishika kalamu. Nafasi ya vidole vitatu ni ndogo. Aliandika polepole, akakunja kwenye nukta, akabana kwa pini, akairudisha karatasi upande wa pili wa meza. Alijua kanuni: mkunjo haufunguliwi mpaka mhusika afe, na wahusika wa André hawakufa haraka. Jitu la mawe lilidumu miezi kumi na minne. Alichokifanya, alijiambia, ni kuandika jambo la kweli mahali ambapo mambo ya kweli huandikwa. Hakuwa amemwambia mtu.

Wakaanza. Wasafiri walifika kwenye mto uliofurika, wenye daraja la kamba. Fidélie alikuwa ameuweka pale mwezi mmoja nyuma, kabla ya haya yote, na hakuwa na mto mwingine wa kuweka. Jambazi mpya wa Misozi alivuka. Mchawi wa Obvious alivuka kwa shida, akapoteza kofia. Mtu wa André asiye na jina alipofika katikati, kamba moja ikakatika, kama ukurasa ulivyosema. Fidélie akamwambia arushe dadu. Chochote kuanzia tatu kingetosha kumfikisha ng'ambo.

André hakuzichukua.

"Sirushe," alisema.

Obvious alimweleza kwa upole kwamba asiporusha, kanuni inahesabu ameshindwa, na kwamba akishindwa hapa anakufa, na ni dakika ya kumi ya mchezo, na tatu ni rahisi, hata mtoto angeipata. Misozi akamwambia, ba André, usituletee msiba mapema hivi, hatujala hata mihogo.

"Najua kanuni, ba Ticha," André alisema. "Afe."

Alimtazama Fidélie. Hakuwa na hasira na hakuwa akimwomba. Alikuwa akimsubiri atamke, kwa kuwa ni mwendeshaji peke yake anayetamka.

Fidélie aliwaza juu ya mwanamke yule, pengo lake la meno, jinsi alivyokaa na mtoto mdogo mapajani aliyekuwa akivuta waya wa feni. Aliwaza kwamba bado angeweza kusema kamba imeshika. Mwendeshaji anaruhusiwa.

"Amekufa," alisema.

André alitoa pini, akaiweka juu ya meza isipotee. Akafungua mkunjo. Ilikuwa mistari mitatu, na aliisoma kwa muda mrefu kuliko mistari mitatu inavyohitaji, midomo ikisogea kidogo kama ya mtu anayesoma kanisani.

*Wako hai, wote wawili. Yule mdogo anavaa miwani. Mama yao ameomba usimtafute.*

Misozi alinyoosha shingo kutaka kuona, kwa sababu baada ya habari ya kuku alijiona ana haki juu ya kila mkunjo, na Obvious akamvuta kwa mkono wa gauni. Haijulikani Obvious alielewa nini. Alikuwa mtu wa kuona namba haraka na watu polepole, lakini siku hiyo alimvuta.

"Miwani," André alisema. Hakumwambia mtu. Alishika pua yake hapo juu, mahali ambapo miwani hukaa, akaondoa vidole.

Kisha akakunja karatasi kwenye nukta zile zile, akarudisha pini katika matundu yake, akamsogezea Fidélie. Hiyo pia ilikuwa kanuni: karatasi za marehemu hukaa kwa mwendeshaji. Fidélie aliiweka chini kabisa ya faili lake. Alijua ataichoma kabla ya jioni, na alijua kwamba kuichoma hakubadilishi chochote kilichosomwa.

Obvious akauliza kama wapumzike. André akasema hapana, saa bado, anaomba tu karatasi nyingine. Akapewa. Akaandika jina, refu, la kuchekesha, ambalo Misozi alilisoma kwa sauti na kulikosea. Akaandika alikotoka. Akaandika kwamba anaogopa nyuki. Alipofika kwenye swali la nne kalamu ilisimama, kisha akapiga mstari mmoja mfupi katikati ya nafasi, akaendelea na la tano.

Misozi aliuona mstari. Akamuuliza, kwa utani wake ule ule wa miaka mitano, kama leo hakuna bibi wa kutafuta.

"Hakuna," André alisema. "Ule alishapatikana."

Akazikusanya dadu, akampa Misozi.